Waliosema Nyumba Ni Tupu

Mtaani kwetu nyumba zinavunjwa Jumapili. Ukiuliza sababu utaambiwa Jumapili wateja ni wachache na malori hayabanani. Uongo mtupu. Ni kwa sababu Jumapili ofisi zimefungwa. Mwenye kutaka kulalamika hana pa kwenda mpaka Jumatatu, na Jumatatu nyumba haipo, limebaki shimo limezungushiwa mabati. Nimeziona zikiondoka moja moja namna hiyo tangu nilipoolewa hapa Kariakoo nikiwa msichana. Unaamka, unapenga kamasi, zinatoka nyekundu kwa vumbi la udongo. Unajua basi, jana kuna waliohamishwa.

Nataka kuueleza mtaa huu kabla hawajaumaliza, maana naona vijana wanaouza simu na mabegi hapo wanadhani ulizaliwa na maghorofa. Haukuzaliwa nayo. Ulikuwa mtaa wa mchanga, nyumba zote za chini, mabati yameshika kutu, kila nyumba na baraza lake na watu wake wa barazani. Baba mkwe wangu alikuwa kuli wa bandarini. Alibeba magunia ya watu mpaka bega lake moja likawa chini kuliko jingine, na kila alichopata alikigeuza chumba. Alianza na vyumba viwili vya miti na udongo, akaongeza viwili, akaongeza viwili tena, akaacha korido katikati, na nyuma uani: jiko, choo, kamba ya kuanikia nguo. Saruji ilikuja baadaye sana, ikapakwa juu ya udongo uleule. Ukiiona kwa nje ungesema nyumba ya tofali. Kwa ndani ni udongo umevaa koti.

Sisi wa familia tulikaa upande mmoja, wapangaji upande wa pili. Mpangaji hakuwa mgeni. Alijua nani anakoroma na nani amelala hajala. Mtu akifa, turubai lilifungwa barabara nzima, toka nguzo ya umeme huku mpaka nguzo ya umeme kule, na hakuna aliyeomba ruhusa. Watu wa pwani, Waislamu, ndio tuliokuwa wengi, lakini wenye maduka waliotoka Kilimanjaro nao walikuja na sufuria zao, wakakaa jamvini wamekunja miguu vibaya, tukawacheka, wakatucheka. Siku za mikutano ya Mnazi Mmoja watu walirudi kwa miguu kupitia kwetu, koo zimekauka, nasi wanawake tukawapa maji mlangoni bila kuuliza mtu ni wa chama gani.

Huo ndio mtaa wanaousifu. Mimi pia nausifu. Lakini ulikuwa na tabia nyingine ambayo hakuna anayeisema: ulijua kunyamaza. Kaka mkubwa akiuza nyumba ya urithi huku wadogo zake wako shamba hawana habari, mtaa mzima unajua, na mtaa mzima unaangalia pembeni. "Mambo ya familia hayo." Maneno hayo yamevunja nyumba nyingi kuliko katapila.

Na kulikuwa na kitu kingine ambacho kila mtu alikijua. Chini yetu kuna maji. Bonde la Jangwani liko pale tu, na mvua ikikaza maji hayaji kwa juu peke yake, yanakuja na chini kwa chini. Waliochimba vyoo vya mtaa huu wote walikutana na maji kabla kichwa cha mchimbaji hakijazama, wakaacha hapo, wakamshukuru Mungu. Hakuna aliyechimba zaidi. Si kwa sheria ya mtu. Ilikuwa ni akili ya kawaida tu.

Aliyenunua nyumba ya ubavuni kwetu alikuwa tajiri wa vitambaa. Jina lake silitaji, lakini mwenyewe anajijua, na wenye maduka ya vitambaa wanamjua. Alikuja Jumapili kama ada yao. Nyumba ya jirani ikaenda. Halafu hakuanza kupanda juu kama wenzake, akaanza kushuka. Alitaka fremu za andagraundi, maduka ya chini ya ardhi, maana Kariakoo ya siku hizi watu wanagombania nafasi mpaka kaburini. Shimo lilipofika kwenye maji akaleta pampu. Zilinyonya kutwa nzima, zikamwaga barabarani maji ya rangi ya chai ya maziwa, wapita njia wakawa wanarukaruka na kandambili mkononi. Mume wangu alisimama barazani akiyaangalia.

"Maji haya yanaondoka na mchanga," akasema. "Mchanga wa wapi huo?"

Mwezi uleule akafariki. Hakuuawa na shimo, sitaki kumsingizia mtu hata tajiri. Ilikuwa presha. Alianguka mlangoni mwa msikiti akivua viatu.

Sasa nyumba yetu ilikuwa ya ndugu watatu walioachiwa na baba yao. Mkubwa wao, yaani shemeji yangu, alishajenga Tabata na kuhamia huko. Wa pili mume wangu. Wa tatu wifi yangu, aliyeachika zamani akarudi kwao, hakutaka tena kusikia habari ya mwanaume. Tajiri alikuwa ameshaleta ombi lake: nyumba yetu ivunjwe, kiwanja kiunganishwe na chake, familia ipewe fremu kwenye ghorofa litakaloota hapo. Shemeji alitaka. Mume wangu na wifi wakakataa. Siku tuliyomzika mume wangu, waliokataa wakabaki mwanamke mmoja na mjane.

Nikakaa eda. Kwa asiyejua: miezi minne na siku kumi mjane hatoki katika nyumba aliyofiwa. Anavaa nyeupe, hajipambi, haonekani na wanaume wasio maharimu zake, yaani wanaoweza kumwoa. Mwanaume akiwa na neno naye analisema nyuma ya pazia. Sikuiona kama jela. Nilikaa na mtu yule karibu umri wangu wote, nilitaka kubaki chumbani kwake nimlie vizuri. Na lilikuwepo jambo la pili, silifichi. Maadamu mimi nimo ndani, nyumba ina mtu. Sikujaaliwa mtoto wa kunisemea. Ningetoka, ufunguo ungezungushwa nyuma yangu na kiwanja kingeungana na kiwanja.

Ufa wa kwanza niliuona mchana, nimelala chali. Ulikuwa mwembamba kama uzi, unatoka kona ya dirisha la upande wa shimo unapanda darini. Nikadhani utando wa buibui. Wifi akapanda kitandani akapitisha kidole.

"Buibui gani huyu, wifi," akasema, "anayetoa upepo?"

Akauziba kwa kipande cha sabuni. Baada ya muda sabuni ikaanguka yenyewe. Mlango wa chumba cha kati ukawa haufungi. Halafu ukafunga vizuri, tukafurahi. Halafu ukawa haufunguki, mpaka wifi aupige bega. Sakafuni, ukiweka kikombe cha maji, maji yalikaa upande. Wapangaji wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake: huyu mama yake anaumwa, yule amepata chumba karibu na kazi. Hakuna aliyesema ukuta. Walikuwa watu wa mtaa ule, walishafundishika.

Aliyesema ukuta ni mmoja tu. Barazani tulikuwa na fremu ndogo, ameipanga mama mmoja wa Kilimanjaro anauza mabegi. Yeye na wifi walitukanana kila asubuhi kwa mapenzi makubwa, mimi nikiwasikiliza kwa dirishani.

"Bibi harusi, umeamka?" Alimwita hivyo kwa sababu wifi alishaapa kutoolewa tena.

"Nimeamka. Nimechelewa kidogo, nilikuwa naota nimekusukuma toka mlimani kwenu."

"Ungenisukuma ningeangukia kwenye migomba. Wewe hapa ukisukumwa utaangukia wapi? Shimoni." Kisha sauti yake ikabadilika. "Dada, utani tuweke pembeni. Mtoeni huyo mjane. Leo mlango wangu wa chuma unagoma, kesho unateleza wenyewe. Nyumba haichezi hivyo."

"Akitoka, kaka yangu anatia kufuli."

"Atie. Mimi nitalitafuna kwa meno."

"Meno yako yenyewe mawili."

Wakacheka. Lakini wifi alipoingia ndani hakuwa anacheka. Alikwenda kumwita mwenyekiti wa mtaa, maana hiyo ndiyo serikali tunayoweza kuifikia kwa miguu. Mwenyekiti akaja, mimi nikapisha nyuma ya pazia, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama mtu anayepiga hodi, kisha akatia kidole kwenye ufa.

"Plasta tu hiyo, bi mkubwa. Nyumba za zamani zinapumua."

"Hii basi ina pumu," wifi akamwambia.

Akacheka sana, akaaga. Wifi akamchungulia. Mwenyekiti akavuka, akaingia kwenye mabati ya tajiri, akatoka na soda baridi mkononi. Huyo namtaja wa kwanza. Mwenyekiti wa mtaa. Aliuona ufa kwa macho yake na kidole chake kiliingia ndani yake.

Shemeji alikuja siku nyingine na tikiti maji kubwa. Akakaa koridoni upande wa pili wa pazia. Nilikuwa namwona kivuli tu, na mkono wake ukizungusha tasbihi.

"Shemeji, pole na upweke."

"Nimeshapoa, shemeji."

"Naona nyumba imechoka. Njoo Tabata umalizie eda kwangu. Nani atakulaumu? Hofu ni hofu."

"Na ukuta anayeuchokoza ni nani?"

"Mtu anachimba kwake."

"Kwake kumefika chini ya kitanda changu?"

Tasbihi ikasimama. "Shemeji, haya ni mambo ya wataalamu. Wewe umeishia darasa la nne, na mimi nasema hivi kwa mapenzi."

"Sawa. Acha niulize la darasa la nne basi. Nikitoka, utafunga mlango?"

"Nyumba tupu lazima ifungwe. Mji huu una wezi."

Alipoondoka wifi alilipasua lile tikiti, tukala, nisiseme uongo. Lilikuwa tamu. Tukala tukisikiliza pampu, na wifi akaniambia kwa mara ya kwanza kwamba anaogopa. Kwamba akiweka mkono ukutani anasikia kitu kinatiririka kwa ndani, si maji, kitu kikavu, kama mchele unamiminwa. Nikaweka mkono wangu. Kweli.

"Ondoka wewe, wifi," nikamwambia. "Wewe huna eda."

"Nikuache na nani umtukane?"

Baada ya hapo ndipo alipokuja bwana mmoja wa ukaguzi wa majengo. Ilikuwa asubuhi, wifi ametoka na kikapu kwenda kutafuta samaki. Nikasikia watu wanaingia koridoni. Sauti moja ya shemeji, nyingine siijui, sauti ya ofisini. Nikasogea nyuma ya pazia la mlango wangu, mkononi nina kisu cha kumenyea vitunguu.

"Humu anaishi nani?" sauti ya ofisini ikauliza.

"Hakuna mtu, mkuu. Wapangaji wote wamehama. Familia tuliondoka baada ya msiba."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mwanamke wa eda hapazi sauti kwa mwanaume mgeni. Anakohoa, na mtu yeyote aliyelelewa mji huu anajua maana yake: pana mtu humu, jistiri. Nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu mpaka koo likauma.

"Nani huyo?"

"Dada wa kazi anamalizia kufunga vyombo. Anatoka leo hii."

"Maana pakiwa na watu siwaachii hawa waendelee kuchimba. Nasimamisha kazi, kabisa."

"Ni tupu, mkuu. Tupu kabisa."

Viatu vikaja mpaka mlangoni kwangu. Niliviona chini ya pazia, vyeusi, vimeng'arishwa mbele, visiginoni vina tope la njano la shimo la tajiri. Ina maana shimoni alishashuka, ameshaona ukuta wetu kwa chini unavyoning'inia. Nikasema, "Nipo." Haikutoka kwa sauti kubwa. Lakini ilitoka, na viatu viliisikia, maana viligota.

"Twende, mkuu," shemeji akasema. "Hicho ni chumba cha wanawake."

Viatu vikageuka.

Watu wameniuliza sana kwa nini sikulifungua pazia. Wanaouliza hivyo wengi wao ni wanaume. Ningetoka na nguo yangu nyeupe mbele ya mwanaume nisiyemjua, mwezi wa tatu wa eda, shemeji akiwa shahidi, na jioni ile mtaa mzima ungesema mjane wa marehemu ameivunja eda, hana tena neno kwenye kikao cha mirathi. Shemeji alilijua hilo kuliko mimi. Alisimama pale koridoni akiegemea heshima yangu kama mtu anavyoegemea nguzo.

Wifi aliporudi nikamsimulia. Akaweka kikapu chini, samaki wakiwa bado wamefungwa kwenye gazeti, akatoka vilevile alivyoingia. Alikwenda kwa sheikh. Alirudi anatabasamu mpaka nikamshangaa.

"Sheikh kasema tumechelewa kuuliza. Mjane akihofia ukuta anahama, na haki yake kwenye nyumba haihami. Atakuja mwenyewe baada ya sala ya Alasiri na wazee wa msikiti, wakutoe mchana kweupe, watu wote waone, na ufunguo ukae kwao mpaka kikao. Hakuna wa kusema umekimbia. Hakuna wa kusema nyumba tupu."

Nikakaa kitandani. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Wiki zote zile tulikuwa tunaogopa kuuliza, maana tulidhani jibu tunalijua. Hatukutaka kumpelekea sheikh habari za kaka mtu. Tuliogopa aibu ya familia kuliko tulivyoogopa dari. Kosa kama hilo mtu wa kwingine halifanyi, linahitaji uwe umelelewa mtaani kwetu.

"Utatoka kama bibi harusi," wifi akasema. "Nitakupigia vigelegele."

"Kwenye eda?"

"Kimoyomoyo."

Tukafunga vitu. Adhuhuri ikapita, tukasali, tukaendelea. Likabaki sanduku la mume wangu kwenye chumba cha kati, kile chenye mlango wa kugoma. Nikasema nakwenda kulitoa. Wifi akaniziba njia na kiuno chake.

"Wewe kazime jiko. Sanduku la kaka yangu nabeba mimi, nilimzoea kabla yako."

Nikaenda uani. Nilikuwa nimeinama namwagia maji mkaa. Kishindo sikukisikia kwanza. Nilisikia mabati ya paa yanalia, kama mtu anayakunja. Halafu wifi akaniita. "Wifi!" Hakuita kwa woga. Aliita kama mtu anayetaka kukuonyesha kitu, njoo uone. Nikainua kichwa, nikaona nyumba inainamia upande wa shimo, polepole, kama mzee anayekaa kwenye kiti cha chini. Kisha ikakaa.

Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala kifudifudi, bati limenifunika mpaka kiunoni, mdomo umejaa udongo. Ukuta wa jiko ulikuwa umesimama nusu, ndio ulionikinga. Nikasikia sauti ya mama wa mabegi inawatukana watu wabomoe ukuta wa uani, na wabeba mizigo wa sokoni wakaubomoa kwa mateke na nondo. Wakanivuta. Nilitoka mbele ya Kariakoo nzima kichwa wazi, nguo nyeupe imechanika, na simu zimeinuliwa juu zinanipiga picha. Mama wa mabegi akavua kitenge chake alichojifunga juu ya gauni akanifunika.

"Wifi yumo," nikamwambia.

Shemeji alikuwa ameshafika. Hakutoka mbali, alitokea kwenye mabati ya tajiri. Watu wa habari walikuwa wamemzunguka, naye anawaambia kwa sauti ya msibani: "Tumshukuru Mungu, nyumba ilikuwa tupu. Tulishaihama. Huyu mjane alirudi kuchukua vitu vyake tu."

Nikapiga kelele. Hapo sasa nilipiga. "Dada yako yumo! Yumo chumba cha kati!"

Aliniangalia. Nakumbuka alivyoniangalia, uso umepauka kama umepakwa unga. Akasema, "Amechanganyikiwa. Dada yangu nimemwona mwenyewe asubuhi anakwenda sokoni na kikapu." Labda aliamini. Hilo namwachia. Ni hilo tu namwachia.

Bwana wa ukaguzi naye akaja, na viatu vilevile. Mimi nilivitambua viatu kabla ya mtu. Akawaambia waliokuja kuokoa kwamba yeye mwenyewe alikagua, hapakuwa na mkazi, watu wakae mbali mpaka katapila lisafishe, kifusi hakijatulia. Wakamsikiliza. Kwa nini wasimsikilize? Ana karatasi, ana kitambulisho kifuani. Mimi nina udongo mdomoni. Watu wazima wenye mikono yao wakasimama wanaangalia kifusi, na chini yake mtu.

Aliyewazindua ni mama wa mabegi. Alipanda juu ya kifusi na viatu vyake vya wazi, mnene vile, akaanza kuita.

"Bibi harusi! Nijibu, bibi kizee wewe! Leo unanyamaza? Leo?"

Akanyamaza, akaweka sikio. Akaita tena. Sijui alisikia nini. Alishuka amemkamata mbeba mizigo mmoja kwenye shati na kumwambia, "Hapa. Chimba hapa au nikuchimbe wewe." Wale vijana wa mikokoteni wakaanza kuchimba kwa mikono, kwa masufuria, kwa vipande vya mabati. Sheikh akafika baada ya Alasiri na wazee wake kama alivyoahidi, akakuta hakuna mlango wa kupiga hodi. Akakunja kanzu akachimba nao.

Walimtoa jua likiwa linazama. Sanduku la kaka yake lilikuwa limemlalia miguu. Kichwani hakuwa na hata mchubuko. Wanawake waliomwosha walinifuata baadaye, mmoja akaninong'oneza, kwa sababu aliona si haki nisijue: kucha zake za mkono wa kulia zilikuwa zimekatika zote, na udongo umejaa chini yake. Aliyekufa papo hapo hakati kucha. Alikuwa anachimba upande wake, sisi huku juu tunaambiwa ni tupu.

Eda nilimalizia Kimara, nyumbani kwa mama wa mabegi, chini ya picha za watakatifu wake. Aliniwekea pazia yeye mwenyewe, na wanawe wa kiume, watu wazima na ndevu zao, wakawa wanaingilia mlango wa nyuma, wanapiga makofi kabla hawajapita. Mkristo yule aliitunza eda yangu vizuri kuliko shemeji yangu aliyehiji.

Kikao cha mirathi kikawekwa Tabata. Wazee, sheikh, shemeji, na mimi, safari hii bila pazia, uso kwa uso. Wakanisomea haki yangu. Nyumba haipo tena, kiwanja kimeshaungana, lakini tajiri kwa huruma yake ananipa fremu moja, andagraundi kabisa, upande uleule ilipokuwa korido yetu. Wakaniangalia wakingoja nishukuru.

Nikasema, "Kwanza nina swali moja kwa shemeji. Siku ile koridoni, ulipomwambia yule bwana hakuna mtu, ulijua kwamba mimi nimo?"

Mzee mmoja akasema tuyaache, chai inapoa. Sheikh akasema, "Mwache ajibu."

Shemeji alizungusha tasbihi yake muda mrefu. "Nilijua," akasema. "Nilijua mpo wote wawili mnaishi mle. Sikujua itaanguka."

Akaanza kulia. Alilia kweli, mabega yanatikisika, dada yake alikuwa mmoja tu. Na wazee wote wakamgeukia yeye. Pole, mzee. Pole sana. Ni mipango ya Mungu. Mmoja akamshika bega, mwingine akamsogezea kikombe. Chumba kizima kikampa pole.

Mimi nikainuka. Nikasema fremu ile siitaki, sitauza mabegi juu ya mahali wifi yangu alipokatia kucha. Halafu nikawataja, pale pale nimesimama. Tajiri wa vitambaa aliyechimba mpaka chini ya kitanda changu. Mwenyekiti wa mtaa aliyetia kidole kwenye ufa akasema plasta. Bwana wa ukaguzi aliyesikia "nipo" akageuza viatu. Na wewe, mtoto wa kuli, uliyejua.

"Mjane," mzee mmoja akaniambia kwa upole, "punguza sauti. Madirisha yako wazi, majirani wanasikia."

Nikaipandisha.